TV ya chogo, simu ya antena, redio mkulima: kipi kimekufa kweli na kipi bado kina maisha?

MwangaKgm

Wakuu habari za jioni. Niko Kigoma mjini, Mwanga. Mzee kahamia Dar kwa dada yetu, nyumba nimebaki nayo mimi na stoo imejaa vitu vyake vya enzi hizo, sasa mama watoto anaitaka hiyo stoo aweke madumu ya mawese na jamaa wa vyuma chakavu kashapita kuchungulia mara kadhaa. Kabla sijampa naombeni mnisaidie, maana haya mambo ya analogi na dijitali kila mtu ananiambia lake.

Kuna TV ya chogo inchi 21, inawaka vizuri kabisa, menyu inaonekana na rangi zake, ila chaneli zote chenga tupu. Kuna nyingine ndogo inchi 14 ya zamani zaidi, hiyo nyuma haina yale matundu ya njano, nyekundu na nyeupe, ina tundu la antena tu basi. Deki ya kanda. Simu ya Mchina ile ya antena ya kuvuta iliyokuwa inaonyesha TV, mnazikumbuka? Mwenye nayo kijiweni siku ya mpira alikuwa haombi kiti, anapewa. Halafu redio mkulima ya betri kubwa, ina FM, MW (masafa ya kati) na SW (masafa mafupi), kitambaa cha mbele kimechakaa lakini sauti bado nzito. Na juu ya bati kuna antena ambayo mzee aliisimamishia mlingoti mwenyewe.

Nje ya stoo kuna gari langu la Japani, redio yake inaishia 90 na kile kiskrini ukikigusa pa TV kinaleta maandishi ya Kijapani basi.

Kilichonichanganya hasa: jirani anasema redio nazo zinakuja kuzimwa kama zilivyozimwa TV kwa hiyo hiyo ya mzee niuze mapema. Na duka moja hapa mjini nimeambiwa antena ya mzee ni ya analogi, niitoe ninunue ya dijitali elfu 65. Kuna ukweli hapo?

UjijiBorn

Hiyo simu usiuze mkuu, siku moja watoto watalipa kiingilio kuiona 😂 Mimi ya kwangu nilikuwa navuta antena mpaka inamgusa abiria wa mbele kwenye hiace.

FundiNgambo

Mwangaluka mkuu, niko Tabora, Ng'ambo, haya madude ndio yananilisha. Ngoja nianze na antena maana hapo ndipo pesa inataka kukutoka bure.

Hakuna antena ya analogi wala antena ya dijitali. Antena inashika mawimbi ya masafa fulani, ndani yamebeba nini yenyewe haijui na haina haja ya kujua. TV ya dijitali ya mlingoti inarushwa kwenye UHF, kuanzia 470 MHz kwenda juu, na hata zamani chaneli kibao za analogi zilikuwa humohumo UHF. Kwa hiyo panda juu ya bati uangalie vijiti. Vikiwa vifupi, shubiri moja mpaka moja na nusu, hiyo ni UHF na unaendelea nayo bila wasiwasi. Vikiwa virefu kama mkono mzima hiyo ni VHF, hapo kweli utahitaji nyingine lakini sio kwa sababu ya neno dijitali lililoandikwa kwenye boksi. Nyingine zina vyote viwili, virefu nyuma vifupi mbele, hizo pia sawa. Kinachokufa mara nyingi ni waya. Kama mzee alitumia ule waya bapa wa zamani, au wa duara lakini kwenye kiungo umeota kutu ya kijani, badilisha huo, weka waya mzuri wa koaksio na kiungo kifunge vizuri maji yasiingie.

Sasa kuielekeza ndipo watu wanaposhindwa wanasema antena mbovu. Kwenye analogi ulikuwa unazungusha huku mtoto yuko dirishani anapiga kelele "hapo hapo! umepitiliza!" na picha ilikuwa inabadilika palepale, chenga zinapungua kidogo kidogo. Dijitali haina kupungua kidogo kidogo. Signo ikitosha picha ni safi kabisa, ikishuka chini ya kiwango picha inaganda, inakatika vipande vipande vya mraba, sauti inakwaruza halafu skrini nyeusi. Na king'amuzi kinachukua sekunde kadhaa kujipanga baada ya wewe kusogeza antena, kwa hiyo ukizungusha kwa kasi ya zamani utapita kwenye signo nzuri bila kuiona. Ingia kwenye menyu ya king'amuzi kuna vimstari viwili, kimoja nguvu kingine ubora. Angalia cha ubora. Nguvu inaweza kuwa 90 huku ubora sifuri, hapo unashika makelele tu. Sogeza kidogo, acha, subiri, sogeza tena. Na angalia pia antena za majirani wanaopata vizuri zimelala au zimesimama, yako ikae hivyohivyo.

Na usikimbilie busta. Busta inakuza kila kitu pamoja na uchafu, na ukiwa karibu na mnara inaharibu kabisa, nimeshamtolea mteja busta tu na chaneli zikarudi, hela yake nikaona aibu kuichukua (nikachukua).

TV ya inchi 21 usiuze. Haijafa. Kilichokosa kazi ni sehemu moja ndani yake ya kudaka matangazo, ile haielewi dijitali. Kioo, spika, kila kitu kiko hai. King'amuzi ni mkalimani tu, kinasikiliza dijitali kinamwambia TV kwa lugha anayoijua kupitia waya wa rangi tatu. Chomeka njano kwenye njano, bonyeza AV kwenye rimoti. Ikitoka picha nyeusi na nyeupe usinipigie simu, ingia kwenye menyu ya king'amuzi badilisha NTSC iwe PAL. Na pale pa ukubwa wa picha weka 4:3 ile ya letterbox, inayoacha mistari myeusi juu na chini, maana matangazo ya siku hizi ni mapana na chogo ni mraba, usipoweka utakuta kibao cha magoli kimekatwa nusu unaona timu moja tu na matokeo huyajui.

Simu ya antena, pole. Ile ilikuwa inadaka analogi na analogi haipo hewani tena, na hamna pa kuichomekea king'amuzi. Kama betri inashika na laini inasoma bado utapiga na kupokea.

MwangaKgm

Daah asante sana fundi. Nimechungulia kwa chini vijiti ni vifupi aisee. Kwa hiyo 65 imebaki mfukoni. Vipi hiyo ndogo ya inchi 14 isiyo na matundu?

FundiNgambo

Hiyo nitakuja nayo ngoja nimalize mteja. Usiuze deki.

MzeeWaMasafa

Habari za jioni wanangu. Mimi niongelee redio kwa sababu hilo la jirani yako nalisikia hata huku Isevya, Tabora, na wapo watu wameuza redio nzuri kwa bei ya kutupa kwa maneno hayo.

Mambo ya kuzima analogi hayakutoka Dar es Salaam wala Dodoma. Nchi zilikaa Geneva mwaka 2006 chini ya Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU, wakakubaliana mpango mnaosikia unaitwa GE06, na humo ndimo ilipowekwa tarehe ya 17 Juni 2015 kuwa analogi haitalindwa tena kwenye UHF. Huo mpango ulihusu masafa mawili tu, 174 mpaka 230 MHz na 470 mpaka 862 MHz. Sasa chukua redio ya mzee wako usome kwenye kioo chake. FM inaanzia 87 na nusu mpaka 108. Haimo. MW na SW ziko chini zaidi, nazo hazimo. Kwa hiyo zile TV zilizozimwa na hiyo redio ni mikataba tofauti kabisa.

Tanzania tuliwahi sana, Dar walizimiwa 31 Desemba 2012, Dodoma na Tanga mwisho wa Januari 2013, Mwanza Februari, sisi wa huku bara tukaja baadaye. Kenya wao walivutana hadi mwaka 2015, stesheni kubwa zikakaa giza kwa karibu wiki tatu. Lakini hakuna hata mmoja kati ya hao aliyegusa FM. Wa kwanza kuzima FM ya kitaifa ni Norway, mwaka 2017, na hata wao stesheni ndogo za mitaani ziliendelea na FM. Nchi nyingine nyingi tajiri zina redio za dijitali na FM iko palepale. Hapa kwetu kila siku naona stesheni mpya za FM zinafunguliwa wilayani, ukitaka kuzima kitu huwezi ukawa unagawa leseni zake.

Na sababu yenyewe ya kuzima TV ilikuwa nafasi. Chaneli moja ya analogi inakula MHz 8 peke yake. MHz hizohizo 8 kwa dijitali zinabeba chaneli kumi na zaidi. Kwa hiyo ukihamisha TV zote unabakiwa na uwanja mtupu juu huko 700 na 800 MHz, na huo ndio uwanja kampuni za simu walikuwa wanautolea macho kwa sababu mawimbi ya chini hivyo yanasafiri mbali na yanaingia ndani ya nyumba. TCRA, mamlaka ya mawasiliano hapa nchini, wakapiga mnada masafa ya 700 mwaka 2018. FM nzima kuanzia mwanzo mpaka mwisho ni MHz 20 na nusu tu, hakuna kampuni ya simu itakayokosa usingizi kwa ajili ya hizo.

Hiyo redio mpe betri mpya, usiku ukiwa hapo Kigoma zungusha MW na SW taratibu, utashika stesheni za mbali. Wavuvi wa dagaa ziwani bado wanakaa nazo.

UjijiBorn

Mzee umenikumbusha kitu. Kwanini siku ya Simba na Yanga redio ya baba mwenye nyumba inashangilia goli sisi kwenye TV mpira bado uko katikati ya uwanja?? Yaani utamu wote unaisha, unakaa unasubiri kitu unachokijua.

MzeeWaMasafa

Kwa sababu FM haina foleni, sauti ikiingia mtamboni inatoka. TV ya dijitali picha zinakusanywa, zinabanwa, zinachanganywa na chaneli nyingine, kama ni ya dishi zinapanda kwenye setilaiti kilomita kama 36,000 juu na kushuka, halafu king'amuzi chako kinafungua upya. Hiyo safari ya juu ni robo sekunde tu, kinachochelewesha hasa ni kubana na kufungua. Mwambie baba mwenye nyumba avae spika za masikioni.

DerevaWaBukoba_Kgm

Nikija kwenye gari. Redio ya gari haijaharibika na wala sio analogi au dijitali, ni Japani tu. Kwao FM inaanzia 76 inaishia 90. Kuanzia 90 mpaka 108 kwao walikuwa wameweka TV, chaneli 1 mpaka 3 za analogi. Ndio maana unakosa karibu stesheni zote za huku isipokuwa zile chache za 88 na 89. Halafu cha kuchekesha, wao walipozima TV ya analogi mwaka 2011 ile nafasi ikawa wazi, baadae wakasogeza redio zao hadi 95, kwa hiyo magari mapya mapya utakuta yanafika 95 hata 99 lakini haya yetu ya kawaida ni 90 tu.

Dawa yake ni ekspanda, kidude kidogo kama kiberiti kinakaa kati ya waya wa antena na redio. Kinashusha masafa. Kama kimeandikwa 14 maana yake stesheni ya 100 utaikuta kwenye 86, ya 96 utaikuta 82. Angalia zile unazosikiliza ziko wapi ndio uchague namba, maana namba ikiwa ndogo zile za 105 kwenda juu utazikosa. Kinataka umeme wa redio yenyewe kwa hiyo asiunganishe mtu wa kubahatisha, nimeona mtu kaunga moja kwa moja kwenye betri gari likalala asubuhi halishiki. Au unatupa redio yote unaweka ya Mchina yenye 108, lakini sauti ya zile za Kijapani kwa kweli ni nzuri mimi siwezi kuitoa.

TV ya kwenye hicho kiskrini sahau. Japani wana mfumo wao wa dijitali, ISDB-T, sisi tuko DVB-T2. Ni dijitali zote mbili ila haziongei. Afrika nzima ninaowajua waliofuata wa Kijapani ni Botswana na Angola. Hii ndio inawaumiza pia wanaonunua flati skrini za mtumba, mtu anaona imeandikwa dijitali anabeba, akifika nyumbani inatafuta chaneli hadi asubuhi. Soma nyuma, kama hakuna neno DVB-T2 hesabu kwamba bado unahitaji king'amuzi.

KasuluSola

Mimi naona mnaongea kama watu wa mjini. Niko Kasulu vijijini, bondeni, natumia sola. Enzi ya analogi picha ilikuwa chenga lakini habari ya saa mbili tulikuwa tunaisikia, unamwona mtangazaji kama yuko kwenye mvua lakini unamsikia. Ikaja dijitali tukaambiwa picha safi. Kweli, huko mjini. Huku kilima kikikukinga hata sauti hupati, ni nyeusi tu. Kwa hiyo kwangu mimi nilichokuwa nacho bure kikaondoka na nikatakiwa ninunue dishi na king'amuzi na kila mwezi kifurushi. Mzee hapo juu anasema masafa yameuzwa kwa kampuni za simu, na simu nayo nalipia bando. Mbona anayelipa ni mimi tu pande zote?

MzeeWaMasafa

Mwanangu hapo sikupingi, kwa kweli aliyekuwa anapata picha mbovu lakini anapata, ndiye aliyeumia zaidi na hakuna aliyemhesabu. Sheria ilikuwa kwamba zile chaneli za kitaifa za bure kina TBC1, ITV, Channel Ten ziendelee kuonekana kwenye ving'amuzi vya antena hata kifurushi kikiisha. Shida ni kwamba hiyo inamsaidia anayefikiwa na mnara wa antena. Wewe wa dishi mwaka 2018 hizohizo chaneli ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya kulipia kwa sababu ya leseni, wakahangaika sana watu wa vijijini mpaka utaratibu ulipobadilishwa baadae.

FundiNgambo

Nimerudi. KasuluSola kaka, kwenye bonde antena ya juu ya bati usipoteze muda, hata uweke mlingoti wa mita kumi. Dishi halijali kilima kwa sababu linaangalia juu. Kwa ukanda wetu huu setilaiti ya nyuzi 36 mashariki iko karibu utosini kabisa, na ya nyuzi 7 mashariki iko upande wa magharibi, ukiwa Kigoma unaelekeza juu ya ziwa kama unaitazama Kongo, kaskazini kidogo, ila bado umeinua sana kichwa. Mti wa mwembe mbele yake ndio adui, kilima hapana. Mvua kubwa itakukata dakika chache, hiyo haina dawa. Na kwa sola chagua king'amuzi ambacho adapta yake imeandikwa 12V, utakilisha moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia kidhibiti chaji bila inveta, inveta inakula umeme wako bure. Chogo usiweke kwenye sola, inakunywa sana.

MwangaKgm sasa ile ndogo. Ina tundu la antena tu, na ving'amuzi vingi siku hizi vinatoa picha kwa waya wa rangi au HDMI, havina njia ya kutokea kwenye tundu la antena. Hapo ndipo deki inapata kazi. Waya wa rangi kutoka king'amuzi uingize kwenye matundu ya kuingilia ya deki, yameandikwa VIDEO IN na AUDIO IN. Halafu waya wa antena kutoka deki palipoandikwa RF OUT uende kwenye TV. Washa deki bila kanda, bonyeza mpaka isome AV au LINE. Kisha kwenye TV tafuta chaneli taratibu kwenye UHF, maeneo ya 36 hivi, utakuta picha ya king'amuzi imetokea. Deki inakuwa mtambo mdogo wa analogi wa nyumba yako.

MwangaKgm

Fundi imekubali!! Nimehangaika na deki lakini picha imetoka, tena TBC kabisa. Ila kuna mstari unakimbia toka juu kwenda chini na sauti inavuma kama nyuki. Nyuma ya deki karibu na RF OUT kuna kitundu kidogo kina skrubu ndani, niiguse?

FundiNgambo

Hiyo ndio yenyewe. Tumia bisibisi ndogo ya plastiki, au chonga kijiti cha mwanzi, ya chuma inavuruga masafa ukiwa umeshika. Zungusha robo tu, halafu itafute tena upya kwenye TV maana itakuwa imehama. Hapo ilipo itakuwa imegongana na masafa ya mnara wa dijitali. Mstari ukiisha na sauti bado inavuma, hiyo ni waya wa sauti, chomoa uchomeke tena wa kwenye deki, ule mweupe.